Kile cha Bluu

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba baba. Hebu njoo uone, simu yangu imeanza kuongea Kichina."

Ilikuwa Jumapili mchana, Mbagala, barazani kwake. Cherehani imefunikwa kanga, futi inaning'inia shingoni, na hiyo futi sijawahi kumwona hana, hata msibani huwa anayo ndani ya pochi. Akanipa simu imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Redmi 9. Nikaiwasha na kweli, kuanzia juu mpaka chini ni Kichina kitupu, hata tarehe.

"Ulifanya nini mpaka ikawa hivi?"

"Sijafanya kitu mwanangu. Iliniuliza neno, nikabonyeza kile cha bluu."

Ni wiki ya sita sasa hiyo sentensi haijanitoka kichwani, na ndo maana nimekaa kuandika.

Maana nilipomuuliza kile cha bluu ni kipi, akanielezea kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Simu ikitokeza kile kidirisha chake, kuna vitufe viwili, cha kushoto kijivu, cha kulia bluu. Cha kijivu ukikibonyeza simu inarudi tena kesho kukuuliza lilelile. Cha bluu inanyamaza. Mamdogo Kiswahili anasoma vizuri tu, polepole, Kiingereza hasomi. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila simu ilipomwuliza neno kwa Kiingereza, alikuwa anajibu ndiyo bila kujua kaulizwa nini.

Mara ngapi? Kwa vitu gani? Hajui, na mimi sijui.

## "Global hii mama, usiogope"

Simu aliinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Alimwuliza muuzaji kama ina Kiswahili, akaambiwa global hii mama, usiogope, akaonyeshwa orodha ndefu ya lugha na Kiswahili kimo. Akalipa.

Nilivyoizima na kuiwasha upya nikaona kitu ambacho yeye alikuwa anakiona kila siku bila kukijali. Logo inatokea, na pamoja nayo kuna kialama kidogo cha kufuli iliyofunguka na neno "Unlocked". Simu ya aina hii ikitoka kiwandani, kufuli imefungwa. Ukikuta iko wazi kwenye simu uliyouziwa mpya, ujue kuna mtu alipita humo ndani kabla yako. Hii ilikuwa simu ya soko la China, mtu akaifungua butloda, yaani ile kufuli inayozuia mfumo wa simu usibadilishwe, akapachika romu (ndo huo mfumo unaoendesha simu) ya kuungaunga, yaani romu ya Kichina iliyobandikwa lugha za ziada ili iuzike nje. Ikakaa hivo miaka. Siku apdeti ya kweli ilipopenya, mamdogo akabonyeza kile cha bluu na simu ikarudi kwao.

Jina la romu ndo linakwambia kwao ni wapi. Kwa simu za Xiaomi, ambao ndo wanatengeneza Redmi, za kipindi hicho unakuta kitu kama QJCCNXM au QJCMIXM mwisho wa namba ya toleo. Inatisha ila inasomeka. Q ni Android 10. JC ni simu yenyewe, yaani Redmi 9. Halafu zinakuja herufi mbili ambazo mi huwa naziita pasipoti: CN ni China, MI ni ile ya dunia, EU Ulaya, IN India, RU Urusi. Simu ileile, kioo kilekile, betri ileile, herufi mbili tu zimebadilika na kila kitu kuhusu inavyoishi na wewe kinabadilika. Romu ya CN kwenye lugha inakupa Kichina cha aina mbili na Kiingereza, na kwa mtu wa Mbagala hapo ndo mwisho wa orodha.

Wengi tunakumbuka ile Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, tukawa tunabonyeza *#06# kupata IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090 kujua kama yako itapona. Toka hapo kichwani mwetu simu ni za aina mbili, feki na orijino. Ya mamdogo ni orijino kabisa. IMEI safi, mtandao unashika, kamera nzuri. Ni orijino ya watu wengine.

## Ya pesa inaongea Kiswahili

Nikamwuliza umeishije na hii simu, maana ilikuwa imeshapita wiki mbili.

Akanijibu, "Ya pesa inaongea Kiswahili."

Sikuelewa. Akachukua simu, akabonyeza *150*00#, na katikati ya Kichina chote kile ikatokea: tuma pesa, toa pesa, lipa bili. Kiswahili safi. Akanitazama kama anayesema, si unaona.

Ile menyu haikai kwenye simu. Simu inapeleka namba mtandaoni, mtandao unarudisha maneno, simu kazi yake ni kuyaonyesha tu. Ndo maana inafanya kazi kwenye kitochi, kwenye simu ya laki mbili, kwenye simu ya milioni mbili, hata kwenye simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa Chengdu. Waliotengeneza huduma ile walijua mteja wao ni nani wakamwandikia kwa lugha yake, na hakuna kiwanda kinachoweza kuifuta.

Nilikaa nayo hiyo. Biashara nzima ya mamdogo, hela za vitambaa, malipo ya wateja, mchango wa kikoba, vyote vilipita kwenye kile kidirisha kimoja kinachomjua. Kwingine kote ndani ya simu yake alikuwa anapapasa kwa rangi.

## Kiswahili nusu

Jaribio la kwanza nililifanya palepale barazani, na nikiangalia nyuma naona lilikuwa ndo jaribio zuri.

Kuna apu ndogo ya siku nyingi inaitwa MoreLocale 2. Kazi yake ni kuiambia Android itumie lugha ambayo haimo kwenye orodha ya kiwanda. Ila haiwezi mpaka upewe ruhusa kwa kompyuta, kwa amri ya adb, programu ya kuiamuru simu kwa waya. Kwa hiyo: ingia setingi (kwa Kichina, unahesabu mistari na kulinganisha na picha ulizonazo), gusa toleo la MIUI, mfumo wa Xiaomi, mara saba mpaka ikubali wewe ni mtaalamu, washa utatuzi wa USB, halafu washa na ule mwingine wa pili wa usalama ambao hauwaki mpaka uwe na akaunti ya Mi na laini iko ndani. Ile hatua ya pili watu wengi wanaikosa, amri inagoma, wanasema njia haifanyi kazi. Niliiweka apu kwa waya, nikatoa ruhusa, nikaandika sw, nikaandika TZ, nikabonyeza.

Simu ikafumba na kufumbua.

WhatsApp ikawa Kiswahili. Ramani ikawa Kiswahili. Menyu za simu yenyewe zikawa Kiingereza, kwa sababu ukiomba lugha ambayo mtengenezaji hakuiweka, Android inaangukia kwenye ile ya msingi, na ya msingi mara nyingi ni Kiingereza. Kila apu imebeba maneno yake yenyewe, aliyebeba Kiswahili anakitoa, asiyebeba basi.

Mamdogo akafungua WhatsApp akasoma kwa sauti, "Gumzo." Akasoma tena, "Gumzo!" Akacheka, akamwita jirani yake aje aone simu inasema gumzo.

"Inatosha baba," akaniambia. "Hii inatosha kabisa."

Hapo ndo ningeondoka.

Lakini mi nilikuwa naiona ile kufuli iliyo wazi. Nilikuwa naona apdeti ijayo itaharibu tena. Niliona Kiingereza bado kiko setingi, na kile kidirisha cha bluu kitaendelea kuja kwa Kiingereza, sasa mbona tatizo lenyewe liko palepale? Nikamwambia mamdogo niachie siku mbili, naenda kuiweka romu ya dunia, iwe simu ya kweli. Akasema, "Wewe ndo unajua." Hii kauli ya wazazi wetu ni nzito sana, kuliko tunavyoichukulia tukishaambiwa.

## Swali nililouliza

Kabla ya kuondoka nilimwuliza, "Humu ndani kuna nini cha muhimu?"

"Picha za nguo na namba za wateja."

Nikahifadhi picha, nikahifadhi namba, nikahifadhi WhatsApp. Usiku nikanunua bando la usiku, nikashusha faili la MI, ni gigabaiti kadhaa, likaisha alfajiri. Nikazima simu, nikashika sauti ya chini na kitufe cha kuwashia kwa pamoja mpaka neno FASTBOOT likatokea, yaani simu iko tayari kuwekewa romu, nikachomeka waya.

Anayetaka kufanya hili nyumbani asome hapa taratibu. Programu ya MiFlash, ile ya kuwekea romu kwa kompyuta, ina vichaguo vitatu chini kabisa ya dirisha, maandishi madogo. Kimoja kinafuta kila kitu. Kimoja kinaacha data. Na cha tatu, ambacho ndo unakikuta kimeshawekewa tiki, kinafuta kila kitu halafu kinafunga kufuli. Simu ya China ukiiwekea romu ya MI halafu ukaifunga kufuli, ikiwaka inajiangalia, inaona mwili ni wa China na roho siyo, inakwambia toleo hili haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hiki na hapo ndo mwisho, haiendi mbele wala nyuma. Miaka ya nyuma niliua simu yangu kwa kutohamisha ile tiki. Kwa hiyo safari hii nilihamisha tiki, nikaangalia, nikanawa uso, nikarudi nikaangalia tena.

Na kama butloda bado imefungwa usitafute njia ya mkato. Unaiomba Xiaomi wenyewe kwa programu yao, wanakusubirisha, mara nyingi masaa 168, yaani wiki nzima. Watu wanalalamika sana kuhusu hiyo wiki. Mi baada ya hii stori naiona ina maana, maana muuzaji mwenye boksi la simu mia hana wiki ya kusubiri kila moja. Na fundi akikwambia IMEI imepotea kidogo ila ataiandika upya, chukua simu yako uondoke, kubadilisha IMEI ni kosa la jinai kwa sheria yetu ya mawasiliano ya 2010.

Dakika chache ikaisha. Simu ikawaka. Play Store ipo, apdeti zinakuja kwa njia yake. Nikarudia ile amri ya adb ya Kiswahili, nikarudisha picha, nikarudisha namba. Nilifurahi sana, sitaficha. Jumanne jioni nikampelekea, nikapewa chai na vitumbua.

Kufuli bado iko wazi, hiyo nilimwambia. Kuifunga ni kuiua.

## Jumatano, saa tatu asubuhi

"Baba, vipimo vyangu viko wapi?"

"Vipimo gani mamdogo?"

Akanieleza huku nasikia cherehani ya binti anayemsaidia inakwenda. Wateja wake wengi wanapiga simu, hawaji. Mtu yuko Chamazi, yuko Kigamboni, anachukuliwa vipimo na ndugu yake nyumbani kisha anapiga anavitaja: kifua 40, kiuno 34, hipsi 44, urefu wa gauni mpaka chini ya goti. Mamdogo mikono yote miwili iko kwenye kitambaa, simu iko loudi, haandiki. Simu yake ilikuwa inarekodi maongezi yote yenyewe, kuna mtu alimwekea hivo zamani. Jioni anatulia, anafungua rekodi ya mteja, anasikiliza, anakata. Na mteja akirudi mwaka ujao hapimwi tena, mamdogo anamtafuta humo, anasikiliza, anamwuliza tu umenenepa au umepungua.

Miaka minne ya miili ya watu.

Kwenye zile romu rekodi za simu zinakaa kwenye folda inaitwa MIUI, ndani yake sound_recorder, ndani yake call_rec. Kila faili lina jina la mteja, namba na tarehe. Hiyo folda ya MIUI niliiona kabisa kwa macho yangu wakati nahifadhi. Nikasema haya ni mambo ya mfumo, nikairuka.

Nilimwambia ukweli, kwamba nimevifuta mimi.

Alinyamaza muda mrefu kidogo. Halafu akasema, "Basi nitawapima upya," akakata simu.

Nimefikiria sana kwa nini hakunitajia. Nilimwuliza kuna nini *humu ndani*, yeye akanijibu vitu anavyovijua viko ndani: picha, namba. Vipimo kwake havikuwa kitu kilichohifadhiwa kwenye simu, vilikuwa ni namna ya kufanya kazi, kama mkasi ulivyo. Huwezi kumwuliza fundi cherehani una nini cha muhimu akakujibu nina tabia ya kuweka chaki sikioni. Ningetakiwa kumwambia nionyeshe unavyoitumia, nikakaa naye nusu saa wateja wanapiga, na ningeona kila kitu bila kuuliza swali hata moja.

## Sauti ya kike, Kiingereza

Ijumaa akapiga tena, na hii ndo ilinifanya niache kulala vizuri.

Romu za dunia za kuanzia kipindi kile zimekuja na apu ya kupigia simu ya Google badala ya ile ya MIUI. Inarekodi pia, ila ukibonyeza kurekodi inatangaza. Sauti inasema kwa Kiingereza kwamba simu hii sasa inarekodiwa, na upande wa pili wanasikia. Mamdogo alikuwa anajaribu kurudisha utaratibu wake, akaona kitufe chenye alama ya kurekodi akakibonyeza, na mteja wake wa siku zote akauliza, "Nani huyo anaongea? Unanirekodi? Unanirekodi kwa nini?"

Mamdogo akajieleza, mteja akasema sawa, ila alikata mapema na gauni hakuleta.

Awali nilikasirikia romu. Nikasema tazama, imemharibia mtu kazi. Halafu usiku nikajiuliza lile swali ambalo mteja aliuliza, na sikuwa na jibu. Miaka minne, kila aliyempigia mamdogo alirekodiwa bila kujua, na siyo vipimo tu. Waliopiga kulia. Waliopiga kumsema mume. Mimi mwenyewe, mara ngapi? Mamdogo hakuwa na nia mbaya hata chembe, na nina uhakika hakusikiliza zaidi ya kifua na kiuno. Lakini Ibara ya 16 ya Katiba yetu inazungumzia faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, na haisemi isipokuwa kama ni fundi nguo.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi, simu ya CN iliyonyamaza au ya MI iliyopiga kelele?

Zamani nilidhani romu ya nchi ni lugha, saa na mtandao. Siku hizi naona inabeba adabu za mahali. Simu nyingi zinazouzwa Japani na Korea Kusini kamera inalia ukipiga picha, hata ukiweka kimya, ili mtu asipigwe picha kwa siri. Mara nyingi mtu anayeileta Dar anakuja na hiyo kelele, na hajui kwa nini haizimiki. Ya China ilikuja na ukimya wake. Ya dunia imekuja na tangazo lake. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokaa na watu wa Mbagala ikawauliza ninyi mngependa iweje. Mimi ndo nilichagua kwa niaba yao, alfajiri, peke yangu, kwa kushusha faili hili badala ya lile.

Nilimshauri awaombe wateja watume vipimo kwa voisi ya WhatsApp, mtu anayetuma voisi anajua kabisa sauti yake inabaki. Alilipenda. Kisha akasema nusu ya wateja wake wana vitochi.

## Anwani

Kuna jambo moja lilienda vizuri, na lenyewe pia lina mwiba ndani.

Wiki ya tatu alinipigia kunisomea kidirisha. Hii ilikuwa mara ya kwanza. Apu fulani ya mikopo, aliipewa na mtu wa kikoba, ilikuwa inaomba ruhusa, na ilikuwa inaomba kwa Kiswahili. Akasoma polepole: inataka niiruhusu ifikie anwani zangu.

"Hiyo sawa tu," akasema, "si inataka kujua nakaa wapi? Wakikukopesha lazima wajue unakaa wapi."

Nikashtuka. Kwenye Kiswahili cha Android, *anwani* ni majina na namba za watu wako. Waliotafsiri wana sababu zao, lakini mtu wa kawaida anwani kwake ni S.L.P. na mtaa. Namba za watu anaita namba, au majina. Na zile apu za mikopo ndo kitu zinachotaka kuliko vyote, ukichelewa kulipa wanapigia wateja wako, shemeji yako, shehe wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 za mikopo zisizo na leseni, na waliokuwa wameshadhalilishwa ni wengi.

Hakubonyeza. Alinipigia kwanza. Angekuwa na Kiingereza pale angebonyeza cha bluu kama siku zote, hilo sina shaka nalo.

Lakini alikaribia kubonyeza kwa Kiswahili pia, kwa sababu ya neno moja.

Maneno ya simu yetu mengine ni mazuri mno. *Mipangilio* imekaa. *Mtandaopepe* mi nalipenda, *hali ya ndegeni* watoto wanalisema wenyewe sasa. Haya maneno hayakuota. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna watu walikaa chini wakatafsiri OpenOffice nzima, mradi wa Kilinux, wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice, wakibishana neno moja moja kabla simu hizi hazijawepo. Wapo wanaoendelea na kazi hiyo mpaka leo. Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kimo ndani ya Android yenyewe, kimefanyiwa kazi, kimekamilika, halafu mtu kiwandani anaweka herufi mbili na kinatolewa, simu inapanda meli, inashuka bandarini kwetu kwa watu wa Kiswahili ikiwa haina Kiswahili.

Na hata ikiwa nacho kuna mahali hakifiki. Saa ya simu ya mamdogo inasema 14:00, yeye anasema saa nane, na kila mteja wake anasema saa nane. Nimetafuta mpangilio wa kuifanya isome saa nane, haupo. Anatoa sita kichwani, kila siku, toka alipoanza kuwa na simu.

## Daftari

Juzi Jumapili nilienda. Kuna daftari jipya kubwa, la kaunta, liko juu ya mashine. Kila mteja ukurasa wake. Binti anayemsaidia ndo anaandika, mamdogo anataja, na wakati nimekaa pale walipima watu watatu upya, mmoja akalalamika kwamba mbona vyangu unavyo, mamdogo akamjibu vimepotea mama, simama vizuri. Hakusema nani alivipoteza.

Wateja walipoondoka akanigeukia.

"Ile ya Kichina," akasema, "yenye gumzo. Hairudi?"

Nikamwambia inarudi. Faili la CN ninalo. Ila kurudisha ni kufuta tena kila kitu, na itarudi kurekodi kimya kimya, na vile vidirisha vyake vitakuwa Kiingereza tena. Nikamweleza yote, la tangazo, la yule mteja wa gauni, la anwani. Nilichukua muda. Yeye alikuwa anachomoa pini kwenye pindo moja moja anazipachika kwenye mto wake, hakunikatiza.

"Ile inayosema unarekodiwa," akauliza, "haiwezi kusema kwa Kiswahili?"

Nikasema bado sijapata njia.

"Ingesema kwa Kiswahili wasingeogopa. Ingesema tu, mamdogo anachukua vipimo."

Jumapili hii narudi. Nimemwomba asinipe simu mpaka wateja wake wa asubuhi waishe kupiga, nikae pembeni niangalie. Kwenye laptopu nimebeba mafaili yote mawili, la CN na la MI, na sijaamua kumshauri lipi. Ataamua yeye.